Siku tatu Avignon na mpenzi wako: namna ya kupanga msije mkanuniana njiani

Wengi wakisikia Ufaransa na mapenzi akili inakimbilia Paris, mnara, selfi, basi. Sasa mimi nasema hivi, kama mna siku mbili tatu tu na hela si za kumwaga, pandeni treni mshuke kusini mpaka Avignon. Ni mji wa zamani kando ya mto Rhône, umezungukwa na ukuta wa mawe wa kilomita nne na ushee ambao bado umesimama, na ndani ya ukuta kila kitu mnafika kwa miguu. Kuna kasri la mapapa, daraja lililokatikia katikati ya mto, vichochoro, viwanja vyenye miti mikubwa ya kivuli, na chakula cha maana.

Ila nikwambie ukweli, safari ya wawili haiharibiwi na ubaya wa mji. Inaharibiwa na njaa, viatu, mabegi, na yule mmoja aliyepanga kila kitu peke yake halafu mwenzake akifika anasema "kumbe ndio huku?" Kwa hiyo humu sifuati utaratibu wa vivutio, nafuata zile sehemu ambazo watu huanza kununiana, maana mkishazipita hizo Avignon yenyewe itafanya kazi iliyobaki.

Kabla hamjagusa hata apu ya hoteli, kaeni chini, kila mmoja ataje kitu kimoja anachotaka kwa moyo wote na kimoja asichokitaka kabisa. Mmoja anaweza kusema nataka kasri, sitaki kuamka alfajiri. Mwingine nataka kula vizuri usiku mmoja tumevaa, sitaki makumbusho zaidi ya moja. Andikeni kwenye simu. Hapo ratiba mmeshaipata nusu, na ile nusu nyingine iacheni wazi kwa makusudi, hasa mchana, maana kule kusini mchana wa jua kali watu wenye akili zao wako ndani wamefunga madirisha ya mbao wanalala.

Mwezi na siku za wiki

Mwezi wa tano, wa sita mwanzoni, wa tisa na wa kumi, hiyo ndiyo miezi. Mwezi wa saba una tamasha kubwa la maigizo ambalo Jean Vilar alilianzisha mwaka 1947, na kama nyie ni watu wa tamthilia nendeni, mtafurahi, mji unageuka jukwaa, mabango ya maonyesho yananing'inia kwenye kila nguzo na kila geti, watu wanaigiza barabarani kukushawishi uingie kwao. Lakini kwa wapenzi wanaotaka utulivu hapana jamani, vyumba vinapanda bei vibaya mno na vinaisha mapema, joto linapita nyuzi 35, na mgahawa wa kukaa wawili kimya kimya unautafuta kwa tochi. Mwezi wa kwanza nao mji umelala, migahawa mingine imefunga wenyewe wako mapumziko.

Halafu kuna upepo, unaitwa mistral. Unashuka na bonde la Rhône kutoka kaskazini, mkavu, wenye nguvu, na ukivuma anga inakuwa bluu safi kabisa huku nyie mnatetemeka. Unaweza kuja mwezi wowote. Bebeni koti jepesi la kuzuia upepo hata kama simu inasema jua, na dada zangu, wigi lisilofungwa sawasawa litatangulia Marseille.

Siku za wiki watu hawazifikirii kabisa, na ndipo wanapoumia. Soko kubwa la ndani, Les Halles, Jumatatu limefungwa. Makumbusho ya manispaa mengine yanafunga Jumanne, mengine Jumatatu. Migahawa mingi mizuri inafunga Jumapili usiku na Jumatatu. Ukipiga hesabu unaona mwenyewe, fikeni Alhamisi ondokeni Jumapili. Wale wanaofika Jumapili jioni na njaa zao ndio unawakuta Place de l'Horloge, kile kiwanja cha katikati ya mji, wanakula piza ya baridi kwa bei ya harusi.

Na saa za jua. Sisi tuliozoea jua kuzama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima tunachanganyikiwa, mwezi wa sita kule jua linazama kama saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo ile ndoto ya chakula cha usiku huku jua linazama ipange kwa tarehe yenu, angalia kwenye simu linazama saa ngapi. Desemba saa kumi na moja jioni giza. Kwa Waislamu hii inagusa Magharibi na Isha pia, msije mkabuku meza saa ambayo mmoja wenu hajaswali.

Viza, kwa wanaotoka nyumbani

Hapa napita haraka maana haina romansi yoyote. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, ile moja inayofaa kwa nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na kila mmoja anaomba ya kwake hata kama mmeoana. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, lakini usisubiri hizo siku 15, miadi yenyewe ya kupeleka karatasi na alama za vidole inaweza kuwa mbali. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Hoteli chukueni ile inayoruhusu kufuta bila kukatwa, ili mmoja akikataliwa msipoteze hela na hamu kwa mpigo. Kama mtapita nchi nyingine za Schengen, ombeni kwa ile mtakayokaa siku nyingi. Cheti cha ndoa mkiwa nacho kiwekeni kwenye faili, na kama ni fungate semeni ni fungate, hakuna aibu hapo.

Walioko Ulaya tayari na vibali vyao vya kuishi nchi za Schengen wao ni kununua tiketi tu. Walioko Uingereza wasijisahau, kibali cha kule hakiwafikishi Ufaransa, kama pasipoti yao inadai viza bado wanaihitaji.

Kufika

Kutoka Paris treni ya kasi inaondokea stesheni ya Gare de Lyon, na ndani ya masaa mawili na dakika arobaini hivi mko Avignon. Mkitua kwa ndege uwanja wa Charles de Gaulle si lazima muingie mjini, kuna treni za kasi zinaondokea pale pale uwanjani, terminali 2, zinashuka moja kwa moja. Angalieni ratiba kabla ya kununua ndege maana si nyingi kwa siku, na acheni masaa ya kutosha katikati, pasipoti na mabegi vinaweza kuwala muda mrefu. Ndugu zetu wa Brussels wana treni ya moja kwa moja, na wa Frankfurt pia.

Tiketi zinafunguliwa miezi kadhaa kabla na za mwanzo ndio rahisi, ukingoja wiki ya safari utalipa mara mbili au zaidi. Kuna Ouigo, treni za bei nafuu za shirika lile lile lenye hizo treni za kasi, ni safi tu, ila mzigo wanauhesabu, begi kubwa unalilipia mapema kwenye apu. Unapobuku chagua viti vya wawili vinavyokaa ubavu kwa ubavu, na juu ghorofani kama treni ni ya ghorofa, mashamba na vilima vya Provence vinaonekana vizuri zaidi. Wakati wa kupanda fikeni mapema, milango inafungwa dakika mbili kabla ya kuondoka na hawana huruma. Na saa kwenye tiketi ni za kizungu za masaa 24, 19h30 ni saa moja na nusu usiku, mambo ya "nilidhani saa saba" yaacheni nyumbani.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Treni ya kasi inawashusha stesheni inayoitwa Avignon TGV, na hiyo iko nje ya mji. Watu wanashuka, wanaona uwanja wa magari na jua, wanadhani wamedanganywa. Msichukue teksi kwa hasira. Kuna treni ndogo pale pale, dakika tano tu inawafikisha Avignon Centre, mkitoka nje ukuta wa mji uko mbele ya macho yenu, mnavuka barabara mnaingia geti la République, na barabara inanyooka mpaka Place de l'Horloge, kilomita moja hivi kwa miguu. Ndio maana nasema begi moja dogo kila mtu. Ndani ya mji vichochoro vina mawe ya mviringo, begi la magurudumu linapiga kelele na kugoma, na hapo ndipo yule aliyebeba viatu jozi nne anapoanza kuambiwa maneno.

Viatu: flati. Kisigino kirefu kiwe kwenye begi kwa usiku mmoja, na mgahawa wenyewe uwe karibu.

Chumba

Laleni ndani ya ukuta. Nje kuna hoteli za bei nafuu zaidi, lakini kurudi usiku kwa miguu kando ya barabara kubwa za magari kunaua utamu wote, na raha ya Avignon kwa wawili ni kurudi mchana mkalala saa moja kisha mkatoka tena, kitu ambacho huwezi kukifanya ukiwa mbali. Place de l'Horloge ni katikati kabisa ila ina kelele mpaka usiku. Mimi ningetafuta upande wa kanisa la Saint-Pierre, ambalo milango yake ya mbao iliyochongwa ni ya mwaka 1551, au upande wa kiwanja cha Corps-Saints chini ya miti, au karibu na rue des Teinturiers ambayo nitairudia.

Hoteli nyingi ni nyumba za zamani, kwa hiyo ulizeni mambo manne kabla ya kulipa: lifti ipo? Kiyoyozi kipo (mwezi wa sita mpaka wa tisa hili si anasa)? Kitanda ni kimoja kikubwa au viwili vidogo vilivyosogezwa? Dirisha linaangalia barabarani au uani? La kitanda liandikeni kabisa kwenye ujumbe, "grand lit", maana wakiandika "lits jumeaux" mtalala kama wanafunzi wa bweni. Ghorofa ya kwanza kwao ni ile ya juu ya chini, kwa hiyo ya tatu bila lifti ni ngazi kweli kweli.

Bei? Nje ya tamasha andaeni kama euro 90 mpaka 150 kwa usiku kwa chumba cha kati, chenye heshima zake. Juu ya hapo kuna kodi ndogo ya mji kwa kila mtu kwa kila usiku, inalipwa hapo hapo. Kifungua kinywa cha hoteli mara nyingi ni cha kulipia pembeni na kwa wawili kinauma, duka la mkate liko kila kona, mkate wa siagi wa moto na kahawa mnakula mmekaa uwanjani kwa hela kidogo sana.

Wenye mfuko mkubwa wanaijua La Mirande, iko nyuma ya kasri, na Hôtel d'Europe ambayo inapokea wageni tangu 1799. Hii ya pili ina habari yake ya mapenzi, tena ya kweli. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alikuwa safarini na mkewe Harriet Taylor mwaka 1858, mke akaugua, akafia hoteli hiyo hiyo. Mill akanunua nyumba karibu na makaburi ya Saint-Véran alikozikwa mkewe, akahamishia humo samani za kile chumba alichofia, na kila mwaka akawa anakaa pale miezi kadhaa mpaka na yeye akafia Avignon mwaka 1873. Wamezikwa pamoja. Makaburi yenyewe yako nje kidogo tu ya ukuta, mkipenda kupita mnapita, ni mahali pa miti na kimya. Wengine watasema kaburini na fungate wapi na wapi, sawa, kila mtu na mtu wake.

Kula, na namna ya kutokufa njaa

Hili ndilo namba moja la kugombanisha watu. Kule jiko linafungwa. Mchana wanapika kuanzia saa sita mpaka saa nane, ukifika saa nane na nusu utaambiwa hapana kwa tabasamu. Usiku wanaanza saa moja, saa moja na nusu. Katikati hapo ni kahawa, aisikrimu na mkate. Kwa hiyo panga siku yako kuzunguka hizo nyakati mbili za kula, si kuzunguka vivutio. Na mchana ndio wa kula kizito, maana migahawa ile ile ya bei kubwa usiku mchana inatoa menyu fupi ya bei maalumu, chakula na kitamu au kianzio na chakula, mara nyingi kwa euro 20 hivi kwa kichwa. Usiku mmoja tu, Ijumaa au Jumamosi, ndio mvae na mkae sana, na huo mbuku meza wiki moja au mbili kabla.

Mkiingia popote, dukani, mgahawani, hata kwenye duka la mkate, mseme bonjour kwanza kabla ya jambo lolote, ni kama hodi kwetu, anayeingia bila hodi anahudumiwa kama alivyoingia. Bonjour ikishatoka unaweza kuendelea na Kiingereza chako kibovu, hakuna neno. Maji ombeni "carafe d'eau", jagi la maji ya bomba, bure, na mkate bure. Huduma imeshahesabiwa kwenye bili, ukiacha sarafu mbili tatu ni ukarimu wako.

Chakula chenyewe: tapenadi, yaani zeituni zilizosagwa zinapakwa kwenye mkate. Ratatui ya bilinganya, nyanya na pilipili hoho, hiyo mtaizoea mara moja maana inakaribia mchuzi wa nyumbani. Dobe, nyama iliyopikwa taratibu masaa mengi, na Avignon wana ya kwao ya kondoo. Kiangazi kuna tikiti dogo la rangi ya chungwa ndani, kutoka Cavaillon jirani hapo, harufu yake unaisikia kabla hujafika kwenye meza ya muuzaji.

Kwa wasiotumia pombe na nguruwe: dobe inapikwa na mvinyo, ulizeni. Saladi inaweza kuwa imemwagiwa vipande vya nguruwe bila kutangazwa vizuri. Samaki na mboga ni salama zaidi, na migahawa ya kuskusi ya Wamaghribi ipo mjini. Kuna pipi ya hapo inaitwa papaline, mpira wa chokoleti wa waridi wenye miiba miiba, mzuri kwa macho, ndani una pombe ya mitishamba, mtu asije akampelekea bibi zawadi bila kujua. Cha kunywa agizeni siropo, sharbati ya mnanaa au ya komamanga na maji baridi na barafu, na hakuna mtu atakayewashangaa mezani, watu wazima wa kule wanainywa. Wanaotumia, mvinyo wa Châteauneuf-du-Pape unatoka kilomita chache kaskazini, kijiji ambako Papa Yohane wa 22 alijengewa kasri la kupumzikia. Glasi moja moja inatosha, ni mzito.

Na asubuhi moja nendeni Les Halles, pale Place Pie, jengo lenye ukuta wa mbele uliooteshwa mimea hai kutoka chini mpaka juu. Ndani ni meza za jibini, zeituni za kila rangi kwenye mabeseni, samaki juu ya barafu, mikate, mboga. Fikeni kama saa nne, kabla ya saa saba na nusu mchana wanaanza kufunga. Muuzaji wa jibini akiona mnasitasita anakata kakipande na kuwanyooshea juu ya ncha ya kisu, mwonje, msione haya. Nunueni jibini la mbuzi, zeituni, mkate, tikiti, kisu cha plastiki, ndio chakula cha mchana cha siku hiyo na nitawaambia mkakilie wapi.

Siku zenyewe

Kasri la mapapa liwe Ijumaa asubuhi, mara linapofunguliwa, kabla magari ya watalii hayajamwaga watu. Kwa ufupi, kati ya 1309 na 1377 mapapa saba waliishi huku badala ya Roma. Benedikto wa 12 alianza kujenga mwaka 1335, mtu mkavu, ngome tupu. Akaja Klementi wa 6, mpenda raha, akajenga ubavu mwingine, na mwaka 1348 akaununua mji mzima kutoka kwa Malkia Joanna wa Napoli kwa florini 80,000. Mkikata tiketi mnapewa tableti inayowaonyesha kila ukumbi ulivyokuwa zamani una mazulia na mishumaa. Muhimu, maana kumbi zenyewe leo ni tupu, bila hiyo tableti mmoja wenu atachoka ukumbi wa tatu. Ukumbi wa karamu una urefu wa mita 48, pita tu.

Kaeni sana kwenye vyumba viwili. Chumba cha kulala cha papa kuta zake ni za bluu, zimechorwa mizabibu inayojikunja, na ukisogea unaona ndege na kindi wamekaa kwenye matawi. Jirani yake ni chumba cha kazi cha Klementi kilichochorwa 1343, hakuna mtakatifu hata mmoja ukutani, ni watu wanawinda, wanachuma matunda, na bwawa la samaki na wavuvi wamelizunguka na nyavu. Shindaneni nani ataona samaki wengi zaidi, atakayeshindwa analipa kahawa. Chukueni tiketi ya pamoja ya kasri na daraja, ni nafuu kuliko moja moja.

Daraja ndilo lile la Saint-Bénézet. Ndugu waliosomea chekechea Bukavu, Goma, Lubumbashi, Bujumbura wanalijua kabla ya kulifika, ule wimbo wa kucheza darajani kwa duara waliimbishwa wakiwa wadogo, na msishangae mtu mzima na ndevu zake akaanza kuuimba pale juu. Lilianza kujengwa mwaka 1177, lilikuwa na matao 22, mafuriko ya Rhône yakawa yanalibomoa na watu wanalitengeneza mpaka karne ya 17 wakanyoosha mikono. Yamebaki manne na kanisa dogo. Dakika ishirini zinatosha, upepo ukivuma kumi.

Halafu, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda mimi kuliko kasri, shukeni mtoni karibu na daraja mpande kivuko cha bure kinachovuka kwenda kisiwa cha Barthelasse. Bure kabisa. Miezi ya baridi ratiba inapungua, ulizeni ofisi ya utalii. Upande wa pili kuna njia ya miguu kando ya maji, majani, miti, na mbele yenu daraja, ukuta na kasri vyote kwa pamoja. Jibini na tikiti vinaliwa hapo, kwa hiyo kivuko kiwekeni Jumamosi mchana, mkitoka sokoni. Bebeni kanga ya kukalia, wazungu wanakalia majani yenye umande halafu wanalalamika.

Jioni ya Ijumaa pandeni Rocher des Doms, bustani iliyoko juu ya jabali pembeni ya kasri, bure pia, ina bwawa lenye bata na mkahawa mdogo, mnaona Rhône chini na mlima Ventoux kwa mbali. Msipigane na watu kwa benchi la kwanza, zungukeni nyuma.

Jumamosi asubuhi ni soko na rue des Teinturiers, mtaa wa watia rangi wa zamani, kichochoro cha mawe na mfereji wa Sorgue unapita ubavuni, magurudumu makubwa ya maji yaliyokuwa yanaendesha karakana za vitambaa bado yapo, meusi, yana ukoga. Kuna vimkahawa pembezoni. Kutoka hapo si mbali na rue du Roi René, lilipokuwa kanisa la Mtakatifu Klara, leo ni ukumbi wa maigizo. Mshairi Petrarca anasema hapo ndipo alipomwona Laura mara ya kwanza, tarehe 6 Aprili 1327, na kutokana na macho hayo akaandika mkusanyiko wa mashairi 366 ambayo mengi ni ya huyo Laura, na Laura mwenyewe kwa wanavyodhani wengi alikuwa mke wa mtu. Mapenzi ya upande mmoja ya kiwango cha kimataifa. Laura alikufa 1348, mwaka wa tauni kubwa, na Petrarca akaendelea kuandika tu. Simama nje umsimulie mwenzako, mlango mara nyingi umefungwa, haina haja ya kuingia.

Mchana, kulala. Nasema kweli, laleni. Au kama joto si kali, makumbusho ya Calvet, kuingia bure tangu 2018 kama ilivyo kwa makumbusho mengine ya manispaa, na mkichoka baada ya nusu saa mnatoka bila kuumwa na hela.

Jioni ya Jumamosi vukeni mto kwa basi kwenda Villeneuve-lès-Avignon, mji mdogo wa ng'ambo, mpande upande wa ngome ya Saint-André. Mko magharibi ya Avignon, kwa hiyo jua likishuka nyuma yenu linapiga kasri zima usoni na mawe yanageuka rangi ya asali. Picha ya maana ya safari nzima ni hii, lakini angalieni saa ya basi la mwisho kabla ya kuanza kupiga.

Safari za nje ya mji mtashawishiwa nyingi. Arles iko dakika ishirini kwa treni, ina uwanja wa Warumi. Pont du Gard, daraja la maji la Warumi la karibu mita 49, kwa basi. Isle-sur-la-Sorgue ina soko la Jumapili na vitu vya kale. Lavenda mnayoiona kwenye picha inachanua kati ya katikati ya mwezi wa sita na wa saba, na iko mbali milimani, inataka gari. Kwa siku tatu chagueni moja au msichague kabisa, mimi nisingechagua, labda Isle-sur-la-Sorgue kama treni yenu ya kurudi ni ya Jumapili jioni na hoteli imekubali kuwashikia mabegi.

Hela

Kabla hamjaondoka kubalianeni nani analipa nini. Njia iliyo rahisi: mfuko mmoja wa chakula na tiketi, kila mtu anaweka sawa au kadiri mlivyoelewana, kadi moja inatumika, na zawadi za ndugu kila mtu kwa hela yake. Kadi inakubalika karibu kila mahali ila sokoni muwe na noti ndogo. Ukikaa mezani uwanjani kahawa ni ghali kuliko ukisimama kaunta. Bajeti ya kula vizuri bila kujinyima, bila kuhesabu chumba, ni kama euro 100 kwa siku kwa wote wawili, ukiondoa ule usiku mmoja wa kuvaa.

Siku ya kuondoka

Chumba wanataka kabla ya saa tano asubuhi, wakati mwingine saa sita, ulizeni usiku wa kuamkia. Achieni mabegi mapokezi. Sabuni za Marseille, nougati (pipi ya asali na lozi) na zeituni za pakiti nunueni Jumamosi maana Jumapili mchana maduka mengi yamefunga. Jibini na nyama kwa wanaorudi Afrika Mashariki msibebe bila kuangalia masharti ya forodha ya kwenu. Kisha muondoke Avignon Centre na ile treni ndogo angalau dakika arobaini kabla ya treni kubwa, si ishirini, maana ikifutwa moja mnasubiri nyingine. Maji na mkate nunueni mjini kabla, stesheni ya TGV bei zake ni za uwanja wa ndege na foleni ya kahawa ni moja tu.